Jimu Iko Kisimani: Mwongozo wa Mazoezi kwa Watu wa Ngara na Biharamulo

Baba mwenye nyumba unayeshika kiuno na kuguna kila unapoinuka kitini, mwongozo huu ni wako. Mtumishi wa umma uliyehamishiwa Ngara na swali lako la kwanza likawa jimu iko wapi, sogea karibu. Dereva wa lori uliyelala Nyakanazi ukisubiri kukuche uelekee Rusumo au Kabanga, shuka, kuna fungu lako humu. Na wewe mama unayesoma haya umesimama, mtoto mgongoni na sufuria jikoni, usiondoke: somo lako ni fupi na linahusu kupumzika.

Walimu wa mazoezi siku hizi hawasifu tena kifua kipana peke yake. Wanaufundisha mwili uziweze kazi zake za kila siku: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama na kunyooka, kusukuma, kuvuta, kubeba, kupanda, kugeuka bila kutegua kiuno. Wako sahihi. Mtu akifika miaka sabini, kifua kizuri hakimwinui chooni. Yanayomwinua ni mapaja na nyonga. Ndiyo maana Dar es Salaam watu wanalipa ada ya mwezi ili wabebeshwe mfuko wa mchanga begani, watembezwe na chuma mkono huu na chuma mkono ule, wachuchumae mpaka miguu itetemeke. Siwacheki. Anayekaa ofisini kutwa na kwenye foleni jioni lazima autafutie mwili wake kazi, hata ikibidi ainunue.

Huku Ngara na Biharamulo kazi hiyo ipo tele, haina ada, na inaanza kabla jogoo hajamaliza kuwika. Kasoro yake ni moja: imegawanywa vibaya. Katika nyumba moja utamkuta mwenye mazoezi ya watu watatu na mwenye mazoezi ya nusu mtu, na usiku wanalala kitanda kimoja. Mwongozo wa mazoezi usiolisema hilo ni tangazo la kuuzia fulana.

Kipimo chenyewe kinajulikana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima ashughulishe mwili kwa kiasi dakika 150 hadi 300 kila wiki, na angalau siku mbili za wiki misuli yake ifanye kazi nzito. Mama wa Murusagamba huenda akazimaliza dakika hizo Jumatatu na Jumanne, akabaki na siku tano za ziada asizozihitaji. Mume wake, akitoka nyumbani kwa pikipiki mpaka kijiweni na kurudi kwa pikipiki, anaweza kumaliza mwezi hajazifikisha. Kazi yetu hapa ni kumhamishia baba dakika hizo za ziada za mama.

Pima mwili wako mkekani

Kabla ya kubeba chochote, jipime. Mwaka 2012 daktari wa Brazil, Claudio Gil Araújo, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80. Kila mmoja aliambiwa akae chini sakafuni, kisha ainuke, bila haraka, akijitahidi asijishike popote. Kukaa kuna alama tano na kuinuka alama tano. Kila unapoweka mkono au goti chini, au kujisukuma kwa kushika paja, alama moja inakatwa. Ukiyumba, nusu alama. Miaka iliyofuata, waliopata alama tatu kushuka chini walifariki kwa wingi zaidi sana kuliko waliopata nane na kuendelea. Mkono uliogusa sakafu haumuui mtu. Unaonyesha tu kwamba nguvu za miguu, ulaini wa viungo na uwezo wa kusimama bila kuyumba vimeanza kuondoka pamoja, na mara nyingi afya nyingine huondoka navyo.

Kipimo hiki hakihitaji maabara. Nenda msibani. Wanawake wanakaa mkekani, miguu imenyooshwa au imekunjwa upande, na mchana mzima wanakaa na kuinuka: kumpisha mgeni, kuchota maji, kupakua chakula, kurudi kuomboleza. Wanaume tuko nje kwenye mabenchi. Bibi wa miaka sitini na mitano hufanya kipimo cha Araújo mara ishirini kabla ya maziko, na mwanawe wa kiume wa miaka arobaini, akidondosha funguo, anamwita mtoto amwokotee.

Basi siku ya kwanza ni hiyo. Tandika mkeka nyumbani, kaa, inuka. Hesabu ulijishika mara ngapi, na alama ulizopata usimfiche mkeo; ataziona tu. Ukiwa una magoti yaliyovimba au nyonga yenye maumivu makali, acha kwanza, mwone mtaalamu wa afya. Kama shida yako ni kuzoea kiti tu, kaa mkekani kila jioni wakati wa kula. Ndani ya wiki chache alama zitaanza kupanda zenyewe, kwa sababu kuinuka mkekani ndilo zoezi, na chakula kinakufanya urudi kila siku.

Chuchumaa, uchambue maharage

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania, walifungwa vifaa vya kupimia mwendo na misuli katika utafiti uliochapishwa 2020 na David Raichlen, Herman Pontzer na wenzao. Wengi tungetarajia kusikia kwamba wawindaji na warina asali hawapumziki. Wanapumzika sana: takribani saa kumi kwa siku, karibu sawa na watu wa nchi za viwanda. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa au hupiga magoti, na hapo misuli ya miguu hubaki inafanya kazi kidogo kidogo. Sisi hujitupa kwenye kochi na misuli inalala kabisa. Watafiti wanaona kwamba huenda hiyo ni sababu mojawapo ya Wahadzabe kuwa na mioyo yenye afya ingawa wanapumzika muda mrefu hivyo.

Kuchuchumaa ni kwetu pia. Ni namna watoto wote wanavyocheza. Halafu mvulana anakua, anapewa kiti kwa heshima, na heshima hiyo inamkausha nyonga. Msichana anabaki chini: anawasha moto, anachambua maharage, anaosha vyombo, anamenya ndizi mkungu mzima.

Zoezi: omba ungo wa maharage. Weka miguu sawa na upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo, shuka mpaka makalio yakaribie visigino, nyayo zote zikiwa zimekanyaga chini. Visigino vikinyanyuka, shika nguzo ya nyumba au mgomba kwa mkono mmoja, au kaa kwanza kwenye kigoda kifupi na upunguze urefu wake wiki hadi wiki. Toa mawe, toa mbegu mbovu, ongea na mkeo. Dakika tano zikikuuma, inuka, tembea, rudi. Ungo ukiisha umefanya zoezi na maharage yako tayari kwa sufuria. Sijaona jimu yenye faida hizo mbili kwa pamoja.

Watu watakucheka? Watacheka siku mbili. Jirani akikuuliza, mwambie daktari wa Brazil ndiye kakutuma.

Dumu

Hapa ndipo palipo na uzito wenyewe, na sitapita haraka.

Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lengo kwamba kila mtu kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400. Nyumba ya watu sita, kwa hesabu hiyo, inahitaji lita 150. Ni madumu saba na nusu ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni kilo 150 za kunyanyua, kutwika, kupandisha kilima na kutua, kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo. Vyuma vya jimu huwa na namba ubavuni ili mtu ajisifu. Dumu halina namba ya kilo na halijamletea mama yeyote medali.

Wabunge na mawaziri wana kauli yao: kumtua mama ndoo kichwani. Ni kauli njema, na kila bomba linalofunguliwa kijijini linaitimiza kidogo. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulianza kazi mwaka 2019 kwa ajili hiyo, na wananchi tuna haki ya kuudai ufike mpaka kitongoji cha mwisho. Lakini kumtua mama ndoo hakuhitaji kungoja mkandarasi. Kunahitaji mikono miwili, na baba anayo.

Wapo watakaosema kubeba maji si kazi ya mwanaume. Nendeni mjini muone. Maji yanapouzwa, anayeyabeba ni mwanaume, madumu manne au matano juu ya baiskeli, akisukuma kwa jasho na kutoza kwa dumu. Yakiwa ya biashara, mwanaume anayaweza. Yakiwa ya kupikia ugali wake mwenyewe, ghafla hayabebeki! Nguvu anazo, sababu hana.

Sasa namna ya kubeba. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mwanasayansi wa Kenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake, juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa paji la uso. Walikuta wanawake hao wanaweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Habari hiyo ilizunguka dunia, na wengi wakaisikia kama ruhusa: mwanamke wa Kiafrika kaumbiwa mzigo. Pigeni hesabu. Mwanamke wa kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Dumu la lita 20 ni zaidi ya theluthi ya uzito wake. Juu ya kiwango kile, utafiti wenyewe unasema, mwili unalipa. Tafiti zilizofuata Afrika Kusini hazikuona unafuu huo kwa kila mwanamke, na ziliripoti maumivu ya shingo kwa wanaobeba kichwani.

Kwa hiyo wewe baba unayeanza leo, usibebe kichwani. Shingo yako haijasomea. Chukua madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Simama katikati yake, chuchumaa kama ulivyochuchumaa kwa maharage, shika, kaza tumbo, inuka kwa miguu huku ukitoa pumzi. Tembea hatua fupi, mabega nyuma, macho mbele. Mikono ikilegea, tua, pumzika, endelea. Kushika mpini wa dumu kwa muda mrefu kunajenga kiganja na mkono wa mbele. Kutembea bila kuyumba kunajenga kiuno na nyonga. Kilima kinashughulika na moyo. Wiki ya tatu au ya nne ongeza maji. Dumu moja la lita 20 kwa mkono mmoja ni gumu zaidi kuliko mawili ya lita 10, kwa sababu mwili unavutwa upande na ubavu wa pili unalazimika kushikilia. Badilisha mkono kila unapofika kwenye mti au jiwe ulilolichagua.

Mtoto wa miaka tisa apewe kidumu cha lita tatu au tano. Mtoto akirudi kisimani shingo imeingia mabegani, hilo si zoezi na si malezi.

Jembe

Jembe la mkono linafundisha kuinama. Wengi tumelielewa vibaya ndiyo maana migongo inatuuma. Kuna kuinama kwa mgongo na kuna kuinama kwa nyonga. Kujua tofauti, simama ukiupa mgongo ukuta wa nyumba, hatua moja mbele yake. Legeza magoti. Sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, mgongo ukiwa umenyooka na kifua kikielekea chini. Umeinama kwa nyonga. Nyuma ya mapaja pakivuta, ndipo panapotakiwa.

Shika jembe vivyo hivyo. Mpini uwe mrefu unaokuachia nafasi ya kunyooka. Mpini mfupi unaokoa mti na kuharibu kiuno. Inua jembe kwa miguu na nyonga, liache uzito wake lenyewe lichimbe. Kila mwisho wa tuta badilisha mkono wa mbele, maana anayelima upande mmoja maisha yake yote huishia na bega moja chini. Kisha weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu mara tatu. Ukiona aibu kujinyoosha shambani, kumbuka kwamba wachezaji wa Taifa Stars hufanya hivyo mbele ya uwanja uliojaa.

Wapo wanaume wa huku wanaosema kahawa na migomba ni yao, palizi ya maharage si yao. Palizi ndiyo darasa gumu zaidi katika shamba zima: kuinama, kuchuchumaa, kusogea kwa ubavu, kuvuta, saa nzima. Mwanaume anayejigamba kwa mabega yake na apalilie robo ya shamba la maharage. Asubuhi yake ataugundua msuli asioujua jina.

Vilima, na baiskeli

Ngara ina vilima vya kutosha kuufundisha moyo wa kila mtu. Kanuni ni rahisi: panda kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini usiokuruhusu kuimba. Abiria wa bodaboda, mara mbili kwa wiki shukia chini ya kilima, pandisha mwenyewe. Biharamulo ardhi yake ni pole zaidi, basi huko badala ya mwinuko tumia umbali. Kutoka sokoni hadi Boma la Wajerumani na kurudi ni mwanzo mzuri kwa aliyezoea kuendeshwa.

Kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupandisha ni zoezi kamili la mwili. Kuteremka nayo mbio huku breki zikilia ni mashindano na kifo, na humu hayamo.

Dereva wa lori

Ndugu dereva, umekaa tangu Dar es Salaam na bado kuna Kigali au Bujumbura mbele. Miguu imevimba, kiuno kimekufa ganzi. Kila unaposimama, zunguka lori mara tatu kwa mwendo wa haraka. Kagua tairi kwa kuchuchumaa mbele ya kila moja, usiinamie tu. Lori kubwa lina tairi za kutosha kukupa zoezi zima. Shika ngazi ya kabini, weka mguu mmoja juu, panda, shuka, mara kumi kila mguu. Na chakula cha Nyakanazi kiwe cha mtu aliyekaa, si cha mtu aliyelima.

Gunia si chuma cha jimu

Hapa sina utani.

Lori lako, dereva, linapimwa mizani. Likizidi tani 56 kwa yale makubwa kabisa, unatozwa faini, kwa sababu taifa linaionea huruma lami. Kijana anayepakia mahindi gunia kwa gunia kwenye lori hilo hilo hapimwi na mtu. Wakala wa Vipimo unasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na bado lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, inashonewa kilemba juu. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa kubebwa na mwanaume mzima peke yake. Kwa hiyo hata gunia halali la kilo 100 ni karibu mara mbili ya ukomo huo. Lumbesa ni wizi unaomwibia mkulima bei na kumwibia mbebaji uti wa mgongo kwa wakati mmoja.

Usijipime nguvu kwa gunia. Libebeni wawili. Tumieni toroli, tumieni ubao wa kuteleza kutoka kwenye lori. Mkiwa mnauza, gawanyeni mahindi kwenye viroba vya kilo 50. Havipendezi machoni pa dalali, lakini mtakuwa mnatembea wima mkiwa na miaka hamsini. Na mtu asipinde kiuno na kukizungusha kwa pamoja akiwa na mzigo mikononi. Geuza miguu kwanza, mwili ufuate. Migongo mingi iliyoharibika iliharibika katika sekunde hiyo moja ya kugeuka.

Somo la mama

Mama, wewe ndiye mwanamichezo wa nyumba hii, na mwanamichezo yeyote mwenye kocha mzuri ana siku ya kupumzika. Misuli hujengeka wakati wa mapumziko. Kazi peke yake, siku saba kwa saba, inaichosha na kuivunja. Ndiyo maana ukimaliza msimu wa kulima hujisikii una nguvu zaidi. Unajisikia umezeeka.

Kwa hiyo somo lako: lala chali dakika kumi mchana, magoti yamekunjwa, miguu imekanyaga mkeka, ngata imewekwa pembeni. Vuta pumzi mpaka tumboni. Shingo iachie. Mtu akikuuliza unafanya nini, uko mazoezini.

Ukiwa mjamzito, dumu na kuni zihamie kwa mwingine kadiri mimba inavyokua. Ukiwa umejifungua, usirudi kwenye mizigo mizito mapema; kubeba vizito siku za mwanzo baada ya uzazi kunahusishwa na kushuka kwa kizazi, tatizo ambalo wanawake wengi wanalificha kwa aibu miaka mingi. Mama mkwe, na wewe usome mstari huo. Ulipitia, basi usimpitishe.

Wazee wetu, tusiwaue kwa heshima

Mila yetu nzuri ni kumhudumia mzee. Babu akitaka maji, mjukuu anakimbia. Akitaka fimbo, inaletwa. Kiti kinasogezwa kivulini pamoja naye. Tunafanya hivyo kwa upendo, na kwa upendo huo huo tunamnyang'anya sababu zote za kuinuka. Mwaka wa kwanza anaacha kwenda shambani, wa pili anaacha kwenda kwa jirani, wa tatu anaanguka akielekea chooni, na nyonga iliyovunjika kijijini, mbali na daktari wa mifupa, ni habari mbaya sana.

Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unawataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya kuzuia kuanguka siku tatu au zaidi kwa wiki. Babu hahitaji vifaa. Aketi kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, ainuke mara kumi bila kujishika, asubuhi na jioni, mjukuu akiwa karibu bila kumgusa. Asimame kwa mguu mmoja akishika fremu ya mlango, ahesabu hadi ishirini, abadilishe. Atembee mpaka migombani akachague mkungu uliokomaa, kwa sababu jicho lake bado ndilo linaloujua kuliko letu. Ukimwambia, "Babu, twende ukanionyeshe mkungu wa kukata," umempa zoezi na umempa heshima. Na bibi apewe maharage achambue, si kwamba hakuna mwingine, bali kwa sababu mikono yake inayahitaji.

Ratiba ya wiki ya kwanza

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baba ndiye wa kwanza kisimani, safari mbili, kabla ya chai. Jumanne na Alhamisi ni ungo wa maharage na kula mkekani. Jumamosi ni jembe, palizi ikiwemo, tuta kwa tuta sambamba na mama na si nyuma yake ukitoa maelekezo. Jumapili panda kilima kwa miguu kwenda kanisani. Kama siku yako ya ibada ni Ijumaa, tembea kwenda msikitini na kisima kihamie Alhamisi. Maumivu ya misuli siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida, yatapita. Ukipata maumivu yanayoshuka mguuni kutoka kiunoni, kifua kinachobana, au kizunguzungu, acha hapo hapo uende kituo cha afya. Mwenye shinikizo la damu aongee na mhudumu wa afya kabla ya kuanza kubeba.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenyeviti wa vitongoji. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mijini watu hukimbia barabarani kwa nyimbo na fulana. Sisi tuitumie kwa namna yetu. Waiteni wanaume wote wa kitongoji saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja na madumu yake. Jazeni maji kwa kila mjane, kila mzee anayeishi peke yake na kila mama aliyejifungua mwezi huo. Mkimaliza, chukueni majembe mtengeneze njia ya kisimani, mchonge ngazi pale panapoteleza. Fulana si lazima.